Deni Likiisha, Tusikimbilie Jingine

Kukopa harusi, kulipa matanga. Baada ya Mapinduzi ya 1964, serikali ya Mzee Abeid Amani Karume ilijenga majumba ya Michenzani, ikawapa wananchi wakae. Leo mfanyakazi wa Unguja na Pemba aghalabu hujijengea kwa mkopo, na mshahara wake hukatwa mwezi baada ya mwezi kwa miaka mingi.

Siku deni linapokwisha, huyo amekuwa mtu huru. Sisi twamnasihi asikimbilie mkopo mwingine wa gari au samani. Mhogo kwa nazi na dagaa wa sokoni havimpunguzii mtu heshima. Na aketi barazani na wanawe baada ya alasiri. Kile kilichokuwa kikikatwa akiweke akiba ya masomo na maradhi.

Kwa viongozi tunalo moja. Kurani, katika Sura ya Al-Baqara, imeamrisha deni liandikwe pamoja na muda wake. Basi na mwisho wake pia uandikwe: makato yakome mwezi ule ule, na hati ya nyumba irejeshwe kwa mwenyewe bila ya kumzungusha. Aliyekwisha kulipa asigeuzwe mwombaji.