Simu Kuukuu Zije Shuleni

Haupiti muhula katika shule yetu bila kusikia lalamiko lile lile: kompyuta hazitoshi. Lalamiko hili ni la haki. Katika chumba cha kompyuta twakaa watatu, pengine wanne, mbele ya chombo kimoja. Mmoja hubonyeza, na waliobaki humchungulia mabegani. Kengele ikilia, aliyechungulia hutoka na ujuzi ule ule aliokuja nao. Wako wenzetu waliomaliza Kidato cha Nne mwaka jana ambao hukiri wazi kwamba hawakupata kuandika hata ukurasa mmoja mzima kwa mikono yao wenyewe. Watakapokwenda kuomba kazi, hapana atakayewauliza kama vyombo vilikuwa vichache. Wataulizwa kama wanajua au hawajui.

Sikusudii kurudia lalamiko hilo. Nataka kutoa shauri. Simu kuukuu zilizolala katika makabati ya wazazi wetu zikusanywe, ziletwe shuleni, nazo zifanywe kompyuta za kujifunzia. Najua wengine watacheka, na wengine watakunja uso, maana sheria ya shule yakataza simu. Nawaomba wasinihukumu kabla sijamaliza.

Kwanza tuondoe dhana potofu. Simu ya siku hizi si chombo cha kuongelea tu. Ni kompyuta kamili. Ina prosesa, ina kumbukumbu, ina mahali pa kuweka faili. Tena asili yake haiko mbali na darasa. Mwaka 1981 kampuni ya Acorn, ya mji wa Cambridge katika Uingereza, ilitoa kompyuta iitwayo BBC Micro, nayo iliingia katika shule nyingi za nchi ile. Baadaye wahandisi wa kampuni hiyo hiyo, Sophie Wilson na Steve Furber, walibuni prosesa mpya iliyoitwa ARM, na ya kwanza ilifanya kazi mwezi wa Aprili 1985. Prosesa za simu zetu karibu zote ni za ukoo huo. Nayo Android, inayoendesha simu nyingi hapa kwetu, imejengwa juu ya Linux, kazi iliyoanzwa mwaka 1991 na Linus Torvalds alipokuwa mwanafunzi wa chuo mjini Helsinki.

Mbona basi programu za kompyuta ya mezani hazikubali kuingia katika simu moja kwa moja? Sababu kubwa ni lugha. Kompyuta nyingi za mezani zina prosesa za ukoo ulioanza na 8086 ya kampuni ya Intel, mwaka 1978. Lugha ya prosesa hizo siyo lugha ya ARM. Ukimpa Mchaga barua iliyoandikwa kwa Kimakonde, hata awe hodari wa kusoma namna gani, hataielewa. Si kwamba hana akili. Barua haikuandikwa kwa lugha yake.

Dawa ziko mbili. Ya kwanza ni kuifasiri barua yote mara moja na kuiandika upya. Programu ambazo wenyewe wameziacha wazi, mtu yeyote aone zilivyotungwa, huweza kutengenezwa upya kwa lugha ya ARM. Hizo huenda katika simu kwa wepesi, maana zinasema lugha ya nyumbani. Ya pili ni kumweka mkalimani katikati, kama mahakamani. Kila neno husemwa mara mbili, na kwa hiyo shauri huchukua muda mrefu. Programu iitwayo Winlator hufanya hivyo. Ndani yake mna Box64, inayofasiri lugha ya prosesa, pamoja na Wine, kazi iliyoanza mwaka 1993, inayozifanya programu za Windows zidhani kwamba zimo nyumbani mwao.

Haya sikuyasoma tu, nimeyajaribu. Likizo iliyopita mjomba wangu alinipa simu yake ya zamani, kioo chake kimepasuka pembeni, kumbukumbu yake gigabaiti 4. Nilinunua kiungio kidogo, ambacho wauza simu hukiita OTG, nikachomeka kibodi ya kawaida ya kompyuta. Kisha nikaweka programu iitwayo Termux, ambayo haina malipo. Jioni ile ile nilikuwa nikiandika programu kwa lugha ya Python, mistari ile ile ambayo mwalimu alituandikia ubaoni, na majibu yakatoka sawasawa.

Juma la pili nilisogea mbele. Ndani ya Termux niliweka Linux iitwayo Debian, na juu yake LibreOffice, programu ya kuandikia barua na kufanyia hesabu katika majedwali, ile ile iwekwayo katika kompyuta za mezani. Ilikula nafasi ya gigabaiti kadhaa, na bando la wiki nzima likaisha siku moja, mama akanikaripia kwa haki. Lakini ilifunguka. Nilipanga mapato na matumizi ya genge la mama kwa mwezi mmoja, na jumla ilikuja yenyewe. Mama aliyekuwa amekasirika alivuta kigoda akakaa.

Juma la tatu nilijaribu njia ya mkalimani, na hapa sina budi kusema kweli yote. Programu ndogo ya Windows ilifunguka baada ya kungoja sana. Iliyokuwa kubwa kidogo ilikwama. Simu ilipata moto hata nikaiweka chini, na betri ikaisha kabla ya saa mbili. Maandishi yalikuwa madogo kama sisimizi. Kwa hiyo, anayetazamia kuendesha kila programu ya Windows katika simu ya kawaida atapoteza likizo yake bure. Simu huitendea vyema kazi iliyotayarishwa kwa lugha yake. Kazi ya mkalimani ni ya dharura.

Sasa nirudi kwenye sheria ya shule. Siombi mwanafunzi aruhusiwe kuja na simu yake mfukoni. Sheria ile ina maana, na sote twajua simu imewapotezea wangapi usingizi na masomo. Ninaloomba ni jambo jingine. Simu ziwe mali ya shule, zifungiwe katika kabati la chumba cha kompyuta, ufunguo awe nao mwalimu. Zisiwe na laini, wala zisiunganishwe na intaneti. Programu ziwekwe mara moja na mwalimu, na baada ya hapo zitafanya kazi bila bando. Simu isiyo na laini wala mtandao haina umbea wa kumpelekea mtu. Imebaki kibodi, kioo na kazi.

Wazazi wetu nao wana sehemu yao. Simu inayoletwa iwe imeondolewa akaunti ya mwenyewe na kufutwa picha na barua zake zote, maana akaunti ikiachwa huenda simu ikajifunga isimfungukie mtu mwingine. Kioo kilichopasuka si neno, alimradi mtu asijikate. Bali betri iliyovimba isipokelewe kabisa, kwa sababu yaweza kuwaka moto. Na shule inunue kibodi na viungio vya OTG, vitu ambavyo bei yake ni ndogo sana kuliko ya kompyuta moja.

Wapo watakaosema kwamba kufanya hivi ni kuipunguzia serikali wajibu wake, kwamba tukionekana tunajimudu kwa simu hatutaletewa kompyuta tena. Hoja hii nimeifikiri sana, wala siidharau. Simu haitoshi. Haifai kwa michoro mikubwa, wala kwa mafunzo ya kufungua chombo na kukitengeneza, na kioo chake huchosha macho. Kompyuta za kweli ni haki yetu, na tuendelee kuziomba kwa sauti ile ile. Lakini anayengoja mvua haachi kuteka maji kisimani. Mwanafunzi aliye Kidato cha Tatu leo hatakuwapo hapa miaka mitatu ijayo. Kompyuta zikija wakati huo zitamfaa mdogo wake; yeye atakuwa amekwisha kuondoka, hajui kitu.

Tena tutakapoomba, tutaomba kwa heshima zaidi. Shule inayoonyesha kwamba wanafunzi wake waliandika programu za Python kwa simu zilizopasuka vioo haitaulizwa kama itazitumia kompyuta ikipewa.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Mwalimu Mkuu na walimu wa somo la kompyuta walipime shauri hili, na kama lina kasoro watuambie ni ipi. Wazazi, siku ya mkutano wao, wapekue makabati kabla ya kuja. Nanyi wanafunzi wenzangu, mnaposhika simu ya baba au ya dada wakati wa likizo, ombeni kwa adabu nusu saa tu, si ya kutazama picha zinazocheza, bali ya kuandika mistari kumi ya Python na kuona jibu.

Wazee walisema kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Tumekwisha kulalamika kutosha tukiwa tumesimama wima. Hebu tuiname tuchungulie kabatini.

Wasalaam,
Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu