Diski Ikijaa Pomoni

Mwanao yuko Chuo Kikuu cha Moi, tasnifu yatakiwa juma lijalo, na kompyuta imeanza kujikokota. Usimkimbilie fundi wa Barabara ya Uganda. Tazama kwanza nafasi iliyobaki. Diski za kisasa, ziitwazo SSD, haziandiki juu ya maandishi ya zamani. Sharti fungu zima lifutwe kwanza. Nafasi ikiwa finyu, huhamisha yaliyomo huku na huko ndipo ziandike jipya. Basi huchelewa, tena huchakaa upesi. Acha wazi kama sehemu moja kwa tano. Filamu na zile picha za harusi (nani huzitazama?) zihamishiwe kwingine, na pipa la taka la kompyuta limwagwe. Lakini nakili tasnifu kwanza: kilichofutwa humo ni nadra kurudishwa.