Insha ya Skolashipu Hainunuliwi Inboksi, Tuambizane Ukweli!

Wadau wa Mtwara, leo sina umbea wa ndoa. Leo namsema yule kaka wetu maarufu, jina kapuni, anayeposti picha za baridi ya Ulaya huku inboksi yake ni duka la insha za skolashipu. Binti mmoja wa Chikongola katoa hela ya korosho ya mama yake, kapewa insha ile ile waliyouziwa wenzake wawili! Nimezisoma zote tatu. Familia maskini, ndoto tangu utotoni, nataka kuibadilisha Afrika. Majina matatu, machozi mamoja.

Kaka, huoni haya?

Na nyie mnaonunua, hivi maswali mnayasoma kweli? Chukua Chevening ya serikali ya Uingereza. Haiulizi umelala njaa mara ngapi. Inataka kujua umeongoza nini, unajengaje mahusiano na watu, kwa nini kozi hiyo, na ukimaliza utafanya nini. Tena kurudi nyumbani angalau miaka miwili ni sharti. Sasa hayo machozi yanajibu swali lipi?

Wewe umekulia Msimbati, gesi ya Mnazi Bay iko mlangoni kwenu. Mwaka 2013 ulikuwa mtoto, ukaona wakubwa wanaandamana kupinga bomba la kwenda Dar. Leo unataka kusomea nini kuhusu gesi hiyo? Au ulishawahi kumsomea bibi karatasi ya malipo ya chama cha msingi, makato yakawa hayaeleweki, ukasimama mkutanoni ukauliza? Basi hiyo ndiyo aya yako ya kwanza! Sema ulifanya nini, ulikwama wapi, nani alinufaika, na kozi itakuongezea kitu gani ambacho huna.

Umaskini si aibu, utaje. Ila sentensi moja inatosha, halafu tuonyeshe ulipambanaje.

Najua mtasema, "Kiingereza changu cha kuungaunga." Sawa, mpe mwalimu akusahihishie sarufi, hiyo ruksa. Lakini siku ya usaili ukiulizwa kuhusu maisha ambayo hukuyaishi, utampigia kaka simu?

Kaka, rudisha hela ya mama wa watu. Msimu wa korosho ni mara moja kwa mwaka.

Haya, mnaomtetea njooni kwenye maoni, nipo!