Bwana Msa si kivuli cha mtu

Mhakiki wenu wa wiki jana anadai Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya za Muhammed Said Abdulla, ni Sherlock Holmes aliyehamishiwa Unguja. Kiko anacho, na msaidizi wake Najum anafanana na Watson wa Holmes; sibishi. Ila kwa kipimo hicho hata Holmes, aliyezaliwa vitabuni 1887, ni wa kuiga, maana mpelelezi Dupin wa Edgar Allan Poe alimtangulia tangu 1841. Mbona Holmes hakuguswa?

Katika Mzimu wa Watu wa Kale, Muhammed Said Abdulla anaiweka maiti mzimuni. Wengine wanaogopa mashetani. Msa anamsaka binadamu. Fumbo hilo halina asili ya London.

Basi, wenye maduka ya vitabu Kampala, Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda kikatiba tangu 2005: kiwekeni kitabu hicho, wasomaji waamue wenyewe.