Kabla mtoto hajaangalia 'Us', iangalie wewe kwanza

Mama mmoja wa Nyakato, Mwanza, ameniuliza kama mwanawe wa miaka tisa anaweza kuangalia filamu ya 'Us' wakati huu wa likizo. Mtoto anamsumbua, na hoja yake ni kwamba mwigizaji mkuu, Lupita Nyong'o, ni mtu wa huku kwetu ziwani.

Hapo mtoto hajakosea sana. Baba yake Lupita, Profesa Anyang' Nyong'o, ni Gavana wa Kisumu, upande wa pili wa ziwa letu. Lakini jibu langu kwa miaka tisa ni hapana.

Filamu hiyo iliongozwa na Jordan Peele, ikatoka mwaka 2019. Mama aitwaye Adelaide anasafiri na mumewe na watoto wao wawili kwenda likizo. Usiku wanavamiwa na watu wanne wanaofanana nao: baba, mama, binti na mvulana. Lupita anaigiza mama na pia anaigiza yule mvamizi mwenye sura ya mama.

Marekani waliipa daraja R, yaani aliye chini ya miaka 17 asiingie bila mtu mzima. Damu imo, lakini damu si tatizo kubwa. Mtoto akiota zimwi humkimbilia mama. Sasa zimwi likiwa na sura ya mama, amkimbilie nani?

Kama ameshaiona kwa jirani, usimcheke wala usimwambie kuwa mwanaume haogopi. Muulize ni kipande gani kinamrudia. Mweleze kwamba wale wawili ni Lupita mmoja, aliyebadilishwa nguo na sauti. Mwachie taa siku mbili tatu. Kijana wa kidato cha tano anaweza kuiangalia, ila kaa naye.

Wewe mzazi, iangalie, maana ina mawili yanayokuhusu.

La kwanza liko mwanzoni kabisa. Ni mwaka 1986, kwenye viwanja vya michezo ufukweni Santa Cruz, California. Mama anakwenda msalani na kumwachia baba mtoto. Baba amezama kwenye mchezo. Mtoto anaondoka taratibu, peke yake, hadi ufukweni. Balaa lote linaanzia hapo.

Weka simu badala ya ule mchezo, kisha uangalie fukwe zetu siku ya sikukuu. Ziwani hakuhitajiki zimwi; maji yanatosha. Mkiwa na watoto, asiwepo mzazi anayedhani mwenzake anaangalia. Anayeondoka aseme, "Nakuachia mtoto," na asiondoke mpaka ajibiwe, "Nimempokea."

La pili, Adelaide anamwambia mumewe kuwa anaogopa na anataka waondoke. Mume anapenda utani, na hofu ya mkewe anaichukulia kwa utani vilevile. Anakuja kuelewa wakati wageni wameshasimama nje ya nyumba.

Ni mara ngapi mke au mtoto amesema mtumbwi umejaa, akajibiwa aache uoga? Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, wilayani Ukerewe. Kilikuwa na uwezo wa kubeba watu 101. Waliofariki walizidi 200. Ukiwa na familia, mtu mmoja akisema anaogopa, simameni kwanza. Hesabuni majaketi okozi, muulize chombo kinabeba wangapi. Kama majibu hayaridhishi, subirini kingine. Kufika Nansio jioni badala ya mchana hakumuumizi mtu.

Kwa hiyo, mama wa Nyakato, mnyime mwanao filamu, lakini usimnyime safari. Mpeleke Saanane, avae jaketi lake, na kabla hamjapanda boti mwambie kwamba akiogopa aseme, na hakuna atakayemcheka.