Kalamu Isiyo na Jina

Tamthilia ya kale ya Robin Hood ilianza kuonyeshwa Uingereza mwaka 1955, ikafikia vipindi 143. Miongoni mwa walioiandika alikuwamo Mmarekani, Ring Lardner Jr. Mwaka 1947 aliitwa mbele ya kamati ya Bunge la nchi yake, akatakiwa aseme kama ni Mkomunisti. Hakukubali kujibu. Mwaka 1950 akatiwa gerezani, na Hollywood ikamnyima kazi.

Riziki yake ikatoka London, kwa mtayarishaji Hannah Weinstein. Lardner na mwenzake, Ian McLellan Hunter, waliandika wakiwa New York, kwa majina ya kubuni, nayo yakibadilishwa mara kwa mara, asije mtu akataka kuonana na mwandishi. Watoto waliona mishale na panga tu. Sisi tuijuao habari hii twaona zaidi. Katika msitu ule, anayewachongea wenzake kwa wakubwa ndiye mtu duni kuliko wote, na hilo, kwa maoni yetu, halikuandikwa kwa bahati.

Chakula cha wanawe kilipatikana. Jina lake halikurejea kwenye filamu ya Hollywood hadi mwaka 1965.