MOYO WA MTOTO NA MIKONO YA WAFANYAKAZI

Wako wazazi waonao midomo na kucha za mtoto wao zikigeuka buluu, naye akichuchumaa kutafuta pumzi baada ya kukimbia kidogo. Wengine hudhani amerogwa. Sivyo. Huenda amezaliwa na kasoro nne za moyo: tundu kati ya vyumba viwili vya chini, njia nyembamba ya kwendea damu mapafuni, mshipa mkuu uliokaa pasipo mahali pake, na msuli wa kulia ulionenepa.

Dawa ya kunywa haizibi tundu. Kazi hiyo ni ya kisu. Tarehe 29 Novemba 1944, katika Hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, Marekani, Dokta Alfred Blalock, kwa shauri la Dokta Helen Taussig, aliunga mshipa wa mkono na ule wa mapafu, damu ikapata njia mpya. Sifa zikaenea duniani. Lakini nyuma ya Blalock alisimama Vivien Thomas, mtu mweusi aliyekuwa seremala. Ndiye aliyeijaribu kwanza kazi hiyo juu ya mbwa, na ndiye aliyemwongoza daktari siku ile. Hapo awali, mjini Nashville, kazi yake ya maabara ililipwa mshahara wa mfagiaji. Taarifa ya madaktari ya mwaka 1945 haikumtaja. Shahada ya heshima aliipata mwaka 1976.

Twayakumbusha haya kwa kuwa upasuaji huu sasa wafanyika kwetu pia, katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 2015. Siku hizi tundu huzibwa kwa kiraka na njia hupanuliwa, huku mashine ikifanya kazi ya moyo na mapafu. Watu husifu jengo na daktari, na ni haki yao. Lakini yuko anayeiendesha mashine hiyo, anayepima damu, anayekesha na mgonjwa, na anayesafisha vyombo. Mmoja wao akikosea, mtoto hufa. Yuko pia mkunga wa kijijini: asipoitambua rangi ile ya buluu mapema, mtoto hafiki hospitali.

Kwa hiyo twasema wazi: mafunzo na ujira wa haki kwa watu hawa si hisani, bali ni sehemu ya matibabu yenyewe. Kidole kimoja hakivunji chawa.